Msimu wa 1924: je, ligi za besiboli za weusi zilikuwa ligi kweli?

Swali la msomaji: Mwaka 2024 nilisoma kwamba ligi kuu ya besiboli ya Marekani imeingiza takwimu za ligi za zamani za watu weusi kwenye kumbukumbu moja na za weupe, na kwamba Josh Gibson, nyota wa ligi za weusi, amempita Ty Cobb wa ligi kuu ya weupe kwa wastani wa kupiga mpira. Baadaye nikaona kwamba timu za weusi zilikuwa zikicheza mechi 60 au 70 za ligi kwa mwaka wakati weupe walicheza 154, na hata idadi hiyo haikulingana kati ya timu na timu. Je, hizo zilikuwa ligi kweli, au zilikuwa kama ndondo zetu za mtaani ambazo leo zimepandishwa daraja kwa huruma? Naomba unielezee msimu wao mmoja ulivyokwenda.

Jibu: Zilikuwa ligi kweli, ndugu yangu. Zilikuwa na mikataba, ratiba, waamuzi, msimamo na bingwa. Uchache wa mechi hautokani na uchanga wa mchezo wao. Unatokana na nani alimiliki viwanja, siku zipi watu weusi walikuwa na nafasi ya kwenda uwanjani, na timu ililazimika kufanya nini siku zilizobaki ili wachezaji wapate kula. Nitakuchukulia msimu wa 1924, kwa sababu ndio ulioishia kwa fainali ya kwanza kati ya mabingwa wa ligi mbili za weusi, na karibu kila tatizo la besiboli ile lilijitokeza humo.

Kwanza tuliweke sawa jambo moja. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa ya kumzuia mtu mweusi kucheza kwenye ligi kuu. Moses Fleetwood Walker, mweusi, aliichezea timu ya Toledo ya ligi kuu mwaka 1884. Baada ya hapo wamiliki wa timu walielewana kimyakimya kuwafungia weusi mlango, na haukufunguliwa mpaka Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Katika miaka hiyo yote timu za kulipwa za weusi zilikuwepo, tena nzuri. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni ligi ya kuziunganisha.

Aliyefanikiwa kuzileta pamoja ni Rube Foster, mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) hodari wa zamani aliyekuwa akiimiliki na kuifundisha Chicago American Giants. Tarehe 13 Februari 1920 aliwakutanisha wamiliki wenzake kwenye jengo la YMCA la mtaa wa Paseo, Kansas City, wakaunda Ligi ya Taifa ya Weusi. Foster akawa rais, akawa mpangaji wa ratiba, na ligi ikawa inakata asilimia 5 ya mapato ya mlangoni kwa kazi hiyo. Wapo waliolalamika kwamba mtu mmoja hawezi kuwa rais, mwenye timu na mpangaji wa mechi kwa wakati mmoja. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Lakini ukitazama waliojaribu kabla yake wakashindwa, utaona kwamba bila ubabe wa Foster ile ligi isingemaliza hata mwaka wa kwanza.

Upande wa mashariki alikuwepo Ed Bolden, karani wa posta wa Philadelphia aliyeikuza timu ya Hilldale, yenye uwanja wake katika mji mdogo wa Darby, kutoka timu ya vijana wa mtaani hadi timu ya kulipwa. Mwishoni mwa 1922 Bolden alishirikiana na wenzake, akiwemo wakala mweupe Nat Strong aliyeshika upangaji wa mechi nyingi za New York, wakaunda Ligi ya Mashariki ya Weusi. Kazi ya kwanza ya ligi hiyo mpya ilikuwa kuwachomoa wachezaji wa Foster kwa ahadi ya mshahara mnono zaidi. Mdakaji Biz Mackey (mdakaji ni yule anayekaa nyuma ya mpigaji) alitoka Indianapolis ABCs akaenda Hilldale. Oscar Charleston, ambaye wengi humhesabu kuwa mchezaji aliyekamilika kuliko wote wa kizazi chake, alikwenda Harrisburg mwaka 1924. Indianapolis ikabaki mifupa. Katikati ya msimu wa 1924 iliondolewa kwenye ligi na nafasi yake ikachukuliwa na Memphis Red Sox.

Hapo unaanza kuona kwa nini hesabu za mechi hazilingani. Timu ikifa mwezi wa Juni, mechi zake zilizobaki zinakufa nayo, na wapinzani wake wanabaki na pengo kwenye msimamo.

Ila sababu kubwa zaidi ni viwanja na siku. Kansas City Monarchs walikuwa wapangaji. Walichezea Muehlebach Field, uwanja uliofunguliwa 1923 wa timu ya weupe ya Kansas City Blues, na ilibidi wasubiri Blues wasafiri ndipo wapate nafasi. Hilldale walikuwa na uwanja wao wenyewe, lakini jimbo la Pennsylvania lilipiga marufuku michezo ya kulipwa siku ya Jumapili mpaka miaka ya 1930. Jumapili ndiyo siku ambayo mfanyakazi mweusi wa kiwandani au wa majumbani angeweza kuja mpirani kwa wingi, na Hilldale hawakuweza kuitumia nyumbani. Cuban Stars hawakuwa na uwanja kabisa. Waliishi njiani msimu mzima wakiwa wageni wa kila mtu.

Basi mechi za ligi zilipangwa Jumamosi, Jumapili na sikukuu, mahali ambapo watazamaji wangepatikana. Jumatatu mpaka Ijumaa mishahara ilikuwa ikihesabika vilevile, kwa hiyo timu ilipanda treni au magari ikaenda kucheza na timu za viwandani, timu za miji midogo, na timu za weupe za ridhaa zilizokuwa na viwanja vizuri na mashabiki wengi. Mwaka 1923 Hilldale walicheza zaidi ya mechi 180, na za ligi hazikufika 50. Yaani kwa kila mechi ya ligi walikuwa na karibu tatu za kutafuta riziki. Yule mrushaji unayeona ana michezo kumi na tano kwenye takwimu za msimu mzima alikuwa akirusha mpira mwezi Aprili mpaka Oktoba karibu bila kupumzika, na baridi ilipoanza wengine walikwenda Cuba kucheza ligi ya huko.

Hivyo mechi zinazofanana na ndondo zilikuwepo, na zilikuwa nyingi. Ndizo hasa ambazo hazikuhesabiwa. Ligi kuu ilipotangaza Desemba 2020 kwamba ligi saba za weusi za kati ya 1920 na 1948 zilikuwa za daraja la juu, ilihusisha mechi za ligi pekee. Mfano mzuri ni Gibson mwenyewe. Bamba lake katika jumba la mashujaa wa besiboli la Cooperstown linasema alipiga karibu homurani 800 katika ligi na nje ya ligi. Homurani ni lile pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote nne akarudi nyumbani. Zilizothibitishwa katika mechi za ligi na kuingizwa kwenye kumbukumbu rasmi hazifiki 200. Zilizobaki, hata zile alizopiga mbele ya maelfu, ziliachwa nje. Huruma gani inayomnyima mtu zaidi ya robo tatu ya anachosifiwa nacho?

Turudi 1924. Kwenye ligi ya Foster, Monarchs walimaliza wakiwa wameshinda 55 na kupoteza 22, wakiwatangulia Chicago ya Foster mwenyewe waliokuwa na 49 kwa 24. Mashariki, Hilldale walikuwa na 47 kwa 22, na Baltimore Black Sox wa nafasi ya pili walicheza mechi za ligi karibu 50 tu. Kwa kuwa mechi hazikulingana, bingwa alipatikana kwa asilimia ya ushindi. Ulikuwa utaratibu wa kutia watu shaka, na magazeti ya weusi ya wakati ule yalilalamika sana juu yake, lakini ndio uliowezekana.

Monarchs walikuwa timu ya kutazamwa. Mmiliki wake, J. L. Wilkinson, alikuwa mweupe pekee miongoni mwa waanzilishi wa ligi ya Foster, na wachezaji wake walimheshimu kwa kulipa kwa wakati. Nguzo ya timu ilikuwa Bullet Rogan, askari wa zamani wa kikosi cha weusi cha 25 cha jeshi la miguu, aliyejiunga nao 1920. Rogan alirusha kama mrushaji wa kwanza wa timu, na siku asiporusha alicheza sehemu ya nje ya uwanja kwa sababu gongo lake la kupigia halikustahili kukaa benchi. Kwenye jeshi hilohilo alitoka Dobie Moore, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu. Na meneja alikuwa José Méndez, Mkuba aliyekaribia miaka 40, ambaye mkono wake wa kurushia ulikuwa umewahi kuharibika.

Safari za timu hizi hazikuwa starehe. Kwenye miji mingi hoteli na migahawa haikupokea weusi, kwa hiyo timu ilipaswa kujua mapema nani atawalaza: hoteli ya mweusi kama Street's pale Kansas City, au nyumba za waumini na jamaa. Palipokosekana, walilala kwenye gari na kula walichonunua dirishani. Kesho yake mchana walitakiwa kushinda.

Mwezi Septemba 1924 Foster na Bolden, waliokuwa wametukanana magazetini kwa karibu miaka miwili, walifikia makubaliano: kila ligi iheshimu mikataba ya mwenzake, na mabingwa wakutane. Mshindi angekuwa wa kwanza kufikisha ushindi wa mechi tano. Na viwanja vilivyochaguliwa vinakueleza uchumi wa mchezo ule kuliko hotuba yoyote. Mechi mbili za kwanza, Ijumaa na Jumamosi, zilichezwa Philadelphia kwenye uwanja wa Phillies, timu ya weupe. Jumapili ilipofika wote wakahamia Baltimore, kwa sababu ya ile sheria ya Pennsylvania. Jumapili hiyohiyo, tarehe 5 Oktoba, timu za weupe Washington na New York Giants zilikuwa zinacheza fainali yao mjini Washington, mwendo wa kilomita sitini na kitu tu kutoka hapo. Dunia ilitazama Washington. Kule Baltimore, Monarchs na Hilldale walicheza duru 13 badala ya 9 za kawaida (katika kila duru kila timu hupata zamu ya kupiga) na hawakupatana: 6-6, giza likawatoa uwanjani.

Kabla ya sare hiyo Rogan alikuwa ameshinda mechi ya kwanza 6-2, na Nip Winters wa Hilldale, mrushaji wa mkono wa kushoto, akalipiza kwa 11-0. Mechi ya nne Hilldale walishinda 4-3. Kisha treni mpaka Kansas City, na pale mlinzi wa besi ya tatu wa Hilldale, Judy Johnson, akawanyamazisha wenyeji: matokeo yakiwa 2-2 katika duru ya tisa, alipiga mpira uliobaki ndani ya uwanja, akakimbia besi zote akiwatanguliza wenzake wawili. 5-2. Monarchs walikuwa nyuma kwa ushindi mmoja dhidi ya mitatu. Wakaamka. Walishinda 6-5, halafu 4-3 kwa duru 12, na mambo yakawa sawa.

Mechi tatu za mwisho zilipelekwa Chicago, nyumbani kwa Foster, uwanja usio wa upande wowote. Mechi ya nane, ya tarehe 18 Oktoba, ndiyo ambayo wazee wa besiboli hawakuacha kuisimulia. Hilldale waliingia duru ya tisa wakiongoza 2-0. Monarchs wakapata alama moja, wakajaza besi, yaani wakawa na mkimbiaji kwenye kila besi. Mpigaji alikuwa Frank Duncan, mdakaji wao, ambaye hakuwa tishio kubwa kwa gongo. Duncan akaupiga mpira juu kabisa, nyuma ya nyumbani, mpira mbovu ambao mdakaji akiudaka tu mpigaji anatoka. Mdakaji wa Hilldale siku hiyo alikuwa Louis Santop, jitu la Texas, mmoja wa wapigaji walioogopwa kuliko wote katika miaka kumi iliyotangulia. Akauwahi, akawa chini yake, ukamponyoka. Duncan akapewa nafasi nyingine, akapeleka mpira upande wa kushoto, wakimbiaji wawili wakarudi nyumbani. Monarchs 3, Hilldale 2.

Meneja wa Hilldale, Frank Warfield, alimtukana Santop pale pale mbele ya watu. Santop alikuwa na miaka 35, na baada ya msimu ule hakuwa tena mdakaji wa kutegemewa wa timu hiyo. Mimi huwa naumia nikifika hapa. Mtu aliyedaka maelfu ya mipira kwenye mashamba na viwanja vya mashimo, pasipo mwandishi hata mmoja, anakumbukwa na wengi kwa ule mmoja ulioandikwa.

Winters akaisawazishia Hilldale kesho yake kwa 5-3, ushindi wake wa tatu katika fainali hiyo. Mabingwa wakawa 4-4, na ile sare moja. Ikabaki mechi ya kumi, Jumatatu tarehe 20 Oktoba, kwenye baridi kali iliyofanya watazamaji wasifike hata 2,000. Warushaji wa Monarchs walikuwa wamechoka wote. Méndez, ambaye alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji na daktari alikuwa amemwonya asirushe, alijipanga mwenyewe. Mpinzani wake, Scrip Lee, alirusha kwa mkono wa chini na kwa duru saba hakuna aliyepata kitu. Duru ya nane Monarchs walimvamia Lee wakapata alama tano. Méndez akamaliza kazi akiwa ameruhusu mapigo matatu tu: 5-0, ubingwa.

Sasa fedha, maana ndipo ukubwa na udogo wa ligi hizi unapoonekana pamoja. Mechi zote kumi zilitazamwa na watu 45,857, na mlangoni zilikusanywa zaidi ya dola 52,000. Ukitoa kodi za viwanja, nauli, waamuzi na mgao wa wamiliki, kila mchezaji wa Monarchs aliondoka na karibu dola 308, na wa Hilldale karibu dola 193. Kila mchezaji wa Washington, mabingwa wa fainali ya weupe mwezi uleule, alipata karibu dola 6,000. Mwaka uliofuata timu zilezile zilikutana tena na Hilldale wakashinda kwa mechi tano dhidi ya moja. Monarchs walimkosa Rogan, aliyekuwa ameumia goti kwa sindano akicheza na mwanawe nyumbani.

Kuhusu uhakika wa takwimu, una haki ya kuuliza. Magazeti makubwa ya weupe yaliandika kidogo sana juu ya ligi hizi. Chicago Defender, Pittsburgh Courier, Baltimore Afro-American, Kansas City Call na mengine ya weusi yalitoka mara moja kwa wiki, na timu iliyopigwa ugenini wakati mwingine haikutuma kabisa jedwali la mechi. Watafiti kama Larry Lester wametumia miongo mizima kupekua magazeti hayo, mechi moja baada ya nyingine, na kuitupa kila ambayo haikuwa ya ligi. Kumbukumbu zilizotangazwa Mei 2024 zina wachezaji zaidi ya 2,300, na zinakadiriwa kubeba robo tatu ya mechi za ligi zilizochezwa. Zikipatikana nyingine, wastani utasogea, wa Gibson pia.

Na ukizisoma orodha hizo, tazama hili. Gibson anaongoza kwa wastani, 0.372 dhidi ya 0.367 ya Cobb, kwa sababu wastani unampima mtu kwa nafasi alizopewa. Kwenye orodha za jumla, kama idadi ya homurani au ya ushindi wa warushaji, hutamkuta mchezaji wa ligi za weusi karibu na kilele, kwa kuwa huko mechi 154 kwa mwaka humfunika mwenye mechi 70, awe hodari namna gani. Hakuna aliyewaongezea hata moja ili kufidia. Méndez mwaka 1908, akiwa kijana mjini Havana, aliwarushia Cincinnati Reds wa ligi kuu ya weupe duru 25 mfululizo bila kuwaruhusu alama. Zilikuwa mechi za kirafiki, kwa hiyo kwenye kumbukumbu rasmi hazimo.